Mgongo na Magoti Baada ya Jeshi: Jinsi Marekani Inavyopima Ulemavu wa Wanajeshi Wake Wastaafu

Baadhi ya vijana wetu waliokwenda Marekani kwa masomo au kutafuta kazi walijiunga na jeshi la nchi hiyo. Sheria za huko humruhusu mkazi wa kudumu, yaani mwenye kadi ya kijani, kuingia jeshini hata kabla ya kuwa raia. Wengi wao wamemaliza muda wao wa utumishi. Kuna waliobaki huko, na kuna waliorudi nyumbani kulima, kufungua biashara au kuwatunza wazazi.

Jambo moja wanalorudi nalo mara nyingi ni maumivu ya mgongo na magoti. Mwanajeshi hubeba mkoba mzito, silaha na fulana ya kuzuia risasi kwa saa nyingi, huruka kutoka kwenye magari na ndege, na hukimbia kwenye lami na kokoto mwaka baada ya mwaka. Athari zake huonekana baadaye. Anayeinuka kitini kwa kushikilia meza akiwa na umri wa miaka 35 huwa hakuzaliwa hivyo.

Serikali ya Marekani hulipa fidia kwa madhara ya aina hiyo. Fidia hutegemea asilimia ya ulemavu, na asilimia hiyo hutolewa kwa kanuni ambazo wengi hawazijui hadi wanapokuwa wamepunjwa. Makala hii inaeleza kanuni hizo kwa wastaafu wenyewe na kwa familia zao.

Nani anahusika, na nani hahusiki

Idara inayoshughulikia fidia hii ni Idara ya Masuala ya Wanajeshi Wastaafu ya Marekani, inayojulikana kwa kifupi kama VA. Inamhusu aliyehudumu katika jeshi la Marekani na kuondoka bila kufukuzwa kwa fedheha. Uraia wake wa sasa na mahali anapoishi havimwondolei haki hiyo.

Wanajeshi wastaafu wa Kenya hawahusiki na utaratibu huu. Wana utaratibu wao chini ya Wizara ya Ulinzi.

Lipo kundi la tatu linalochanganywa mara kwa mara na wastaafu: Wakenya waliofanya kazi Iraq au Afghanistan kama walinzi, madereva au wapishi wa kampuni zilizopewa kandarasi na serikali ya Marekani. Hao hawakuwa wanajeshi, na VA haiwahusu. Madai yao huangukia sheria nyingine ya Marekani ya mwaka 1941, inayosimamiwa na Wizara ya Leba ya nchi hiyo. Muda wa kudai chini ya sheria hiyo ni mfupi, kwa hivyo aliyeumia asikawie kutafuta ushauri.

Asilimia ina maana gani

VA hutoa viwango vinavyoongezeka kwa kumi kumi, kuanzia 0 hadi 100. Kiwango kinakusudiwa kuonyesha ni kwa kiasi gani jeraha linapunguza uwezo wa mtu wa kawaida wa kujitafutia riziki. VA haitazami cheo ulichokuwa nacho wala vita ulivyopigana. Mwenye goti lililoumia kwenye mazoezi kambini na mwenye goti lililoumia vitani hupimwa kwa kipimo kimoja.

Kwa viwango vilivyoanza kutumika tarehe 1 Desemba 2024, mstaafu asiye na mtegemezi alilipwa dola 175.51 kwa mwezi akiwa na asilimia 10, dola 346.95 kwa asilimia 20, dola 774.16 kwa asilimia 40, dola 1,102.04 kwa asilimia 50, na dola 3,831.30 kwa asilimia 100. Malipo hayo hurekebishwa kila Desemba kufuatana na gharama ya maisha, na hayakatwi kodi ya mapato na serikali kuu ya Marekani.

Kuanzia asilimia 30, malipo huongezwa kwa ajili ya mke au mume na watoto. Huongezwa pia kwa ajili ya mzazi anayemtegemea mstaafu, mradi ithibitishwe kwamba kipato cha mzazi hakitoshi mahitaji yake. Hili ni muhimu kwa familia zetu. Mama anayetumiwa pesa za chakula na dawa kila mwezi anaweza kuorodheshwa kama mtegemezi, lakini VA haitamjua mpaka mwanawe amtaje na kuleta ushahidi.

Hata asilimia 0 si ya kudharauliwa. Haileti pesa, lakini inamaanisha VA imekubali kwamba tatizo lilitokana na jeshi. Hali ikizidi baadaye, mstaafu huomba kiwango kiongezwe bila kuanza upya kuthibitisha chanzo.

Mambo matatu ya kuthibitisha

Kabla ya kufika kwenye asilimia, dai lazima lisimame kwa miguu mitatu.

Mguu wa kwanza ni ugonjwa au jeraha lililopo sasa, lenye jina lililoandikwa na daktari. "Mgongo unaniuma" ni malalamiko. Diski iliyochomoza au gegedu iliyosagika ndani ya goti ni matokeo ya uchunguzi.

Mguu wa pili ni tukio au mazingira ya jeshini: kuanguka, ajali ya gari, au kazi ya kubeba na kuruka kwa miaka. Karatasi za zahanati ya kambini ndizo ushahidi bora. Zikikosekana, VA hupokea pia maelezo ya maandishi ya wenzake waliokuwepo au ya jamaa waliomwona aliporudi.

Mguu wa tatu ni kiungo kati ya hayo mawili: maoni ya daktari kwamba kuna uwezekano wa angalau nusu kwa nusu kwamba tatizo la sasa lilitokana na utumishi. Daktari hatakiwi kuapa kwamba ana uhakika kamili. Ushahidi wa pande zote ukiwa na uzito sawa, sheria inamtaka mwamuzi ampe mstaafu faida ya shaka.

Jeraha moja likizaa jingine, la pili nalo hudaiwa. Aliyeumia goti la kulia akachechemea kwa miaka kumi anaweza kuharibu goti la kushoto na kiuno. Daktari akieleza hivyo kwa maandishi, matatizo hayo yote huhesabiwa kuwa yametokana na jeshi.

Jinsi mgongo unavyopimwa

Watu wengi hudhani kiwango hutegemea ukubwa wa maumivu au picha ya eksirei. Kwa mgongo, kinachotazamwa kwanza ni kiasi ambacho mtu anaweza kuinama, kikipimwa kwa nyuzi. Mgongo mzima huinama mbele nyuzi 90. Mpimaji hutumia kifaa cha kupima pembe kinachofanana na rula mbili zilizounganishwa.

Kwa mgongo wa katikati na wa chini, mambo huwa hivi:

- Anayeinama zaidi ya nyuzi 60 lakini asipite 85 hupata asilimia 10.
- Anayeinama zaidi ya nyuzi 30 lakini asipite 60 hupata asilimia 20. Kiwango hiki hupewa pia ambaye misuli yake hukaza hadi kubadilisha mwendo wake au umbo la uti wa mgongo.
- Anayeishia nyuzi 30 au chini ya hapo hupata asilimia 40.
- Ambaye sehemu hiyo yote ya mgongo imeshikana, haisogei, na imeganda katika mkao mbaya hupata asilimia 50. Uti wa mgongo wote ukiwa hivyo, kuanzia shingoni, ni asilimia 100.

Kwa wenye matatizo ya diski kuna njia nyingine. VA huhesabu wiki ambazo mgonjwa aliamriwa na daktari kulala kitandani katika miezi 12 iliyopita. Jumla ya wiki sita au zaidi huleta asilimia 60. Neno la kuzingatia hapo ni "aliamriwa". Aliyejilaza nyumbani kwa hiari yake, hata kama hakuweza kusimama, siku zake hazihesabiwi. Mgongo ukikubana, nenda hospitalini, na daktari akikuagiza kulala, hakikisha agizo hilo limeandikwa.

Maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni hadi kwenye paja na unyayo, au ganzi mguuni, hupimwa peke yake kama ulemavu wa neva, juu ya kiwango cha mgongo. Hapo ndipo wengi hupoteza. Humwambia mpimaji kuhusu mgongo na kusahau kumtajia mguu unaowaka moto usiku.

Jinsi goti linavyopimwa

Goti zima hukunjwa hadi nyuzi 140 na kunyooshwa kabisa hadi 0. Linaloishia nyuzi 45 linapokunjwa hupata asilimia 10, linaloishia 30 hupata 20, na linaloishia 15 hupata 30.

Kutonyooka huhesabiwa kando. Goti linalobaki limepinda kwa nyuzi 10 hupata asilimia 10, nyuzi 15 asilimia 20, nyuzi 20 asilimia 30, nyuzi 30 asilimia 40, na nyuzi 45 asilimia 50. Goti moja linaweza kupewa kiwango cha kutokunjika na kingine cha kutonyooka, kwa sababu hayo ni matatizo mawili.

Msomaji makini ataona tatizo hapa. Goti lisilokunjika kupita nyuzi 45 limeharibika vibaya, ilhali wastaafu wengi hukunja hadi 100 au 110 huku wakiuma meno. Je, hao hawapati chochote? Wanapata. Kanuni za VA zinasema kiungo kinachouma kinaposogezwa kistahili angalau kiwango cha chini cha malipo kwa kiungo hicho, na kwa goti hicho ni asilimia 10. Lakini maumivu hayo lazima yaandikwe katika ripoti ya mpimaji.

Goti linalocheza na kumwangusha mtu kwa sababu kano zimelegea au kukatika lina kipimo chake, kinachotazama pia kama daktari ameagiza mkongojo au kifaa cha kushikilia goti. Gegedu iliyochanika ikifanya goti likwame mara kwa mara, liume na kujaa maji huleta asilimia 20. Aliyewekewa goti la bandia hupewa asilimia 100 kwa miezi kadhaa baada ya upasuaji, kisha hupimwa upya, na kiwango chake hakishuki chini ya 30.

Siku ya uchunguzi, usijikaze kisabuni

Baada ya dai kupokelewa, VA humwita mstaafu kwa uchunguzi. Huchukua muda mfupi, na mara nyingi ripoti yake ndiyo inayoamua asilimia. Asiyefika bila sababu nzuri anaweza kunyimwa kabisa.

Jeshi humfundisha mtu kutolalamika, na malezi yetu nayo yanasema mtu mzima huvumilia. Basi mstaafu huingia chumbani, akaulizwa hali, akajibu "niko sawa". Akaambiwa ainame, akajikaza na kugusa vidole vya miguu ingawa mgongo unamwambia asimame kwenye nyuzi 40. Mpimaji anaandika nyuzi 90, bila maumivu. Jioni hiyo mstaafu hawezi kuvua viatu, lakini ripoti imekwishatumwa.

Kanuni haimtaki mtu ajikaze. Inamtaka mpimaji aandike mahali maumivu yanapoanzia, ajaribu mwendo huo zaidi ya mara moja ili aone kama unapungua kwa kurudia, na aulize hali inakuwaje siku maumivu yanapochachamaa. Asipouliza, sema mwenyewe. Sema kwa vipimo vya maisha: "Siku mbaya hunijia mara tatu kwa mwezi, kila moja siku mbili. Siku hizo siwezi kuinama kuchukua ndoo ya maji. Siwezi kukaa kwenye matatu zaidi ya nusu saa. Choo cha shimo siwezi kuchuchumaa." Maelezo hayo yanampa mpimaji kitu cha kuandika.

Vilevile usiongeze chumvi. Wapimaji huona mtu anavyoingia, anavyoketi na anavyofunga kamba za viatu. Anayedai hawezi kuinama kisha akaokota simu sakafuni hupoteza imani yao kwa mambo yote, pamoja na yaliyo kweli. Ukweli mzima wa siku zako mbaya unatosha.

Hesabu isiyo ya kawaida

Mwenye mgongo wa asilimia 40 na goti la asilimia 20 hutarajia 60. VA humpa 50. Huo si wizi, ni namna yao ya kuhesabu.

VA huanza na mtu mzima wa asilimia 100. Mgongo ukichukua 40, mtu anabaki na 60. Goti la asilimia 20 linachukua sehemu yake katika hiyo 60 iliyobaki, yaani 12. Jumla ni 52, ambayo hukadiriwa hadi kumi iliyo karibu: 50. Ingekuwa 55, ingepanda hadi 60.

Miguu yote miwili ikiwa na ulemavu, kuna nyongeza. Tuseme goti la kulia lina 20 na la kushoto lina 10. Yakiunganishwa kwa njia hiyo hutoa 28, kisha huongezwa sehemu ya kumi ya hiyo 28 na kufikia takriban 31. Ukiunganisha na mgongo wa 40 unapata 59, na mstaafu hulipwa kwa asilimia 60. Ndiyo maana goti la pili, hata likiwa na tatizo dogo, halifai kuachwa nje ya dai.

Ukiwa nyumbani Kenya

Fidia hulipwa hata kwa anayeishi nje ya Marekani. Dai halina tarehe ya mwisho, lakini kuchelewa kuna gharama. Anayedai ndani ya mwaka mmoja baada ya kuondoka jeshini anaweza kuhesabiwa malipo tangu siku iliyofuata kuondoka kwake. Anayechelewa zaidi, kwa kawaida huhesabiwa tangu VA ilipopokea dai. Ambaye bado anakusanya karatasi anaweza kutuma kwanza taarifa ya nia ya kudai. Taarifa hiyo humhifadhia tarehe kwa mwaka mmoja.

Kwa matibabu, VA ina mpango wa wastaafu walio nje ya nchi unaolipia matatizo yaliyokubaliwa kwamba yametokana na jeshi. Goti lililokubaliwa linaweza kutibiwa hapa na gharama zikadaiwa. Malaria au shinikizo la damu lisilohusiana na utumishi halimo. Tunza risiti na ripoti za kila matibabu.

Kumbuka pia kwamba asilimia ya VA haikusajili kama mtu mwenye ulemavu nchini Kenya. Usajili wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu una tathmini yake, inayofanywa na madaktari wa hospitali zilizoidhinishwa hapa nchini.

Dai likikataliwa

Barua ya kukataliwa si mwisho wa safari. Mstaafu ana mwaka mmoja tangu tarehe ya barua kuchagua mojawapo ya njia tatu: kuwasilisha ushahidi mpya unaohusika, kuomba afisa wa ngazi ya juu apitie upya faili ile ile, au kukata rufaa kwa Bodi ya Rufaa za Wanajeshi Wastaafu. Isome sababu ya kukataliwa kabla ya kuchagua. Ikiwa kilichokosekana ni maoni ya daktari kuhusu chanzo, kuomba faili ile ile isomwe tena hakutasaidia. Tafuta maoni hayo.

Jihadhari na madalali. Sheria ya Marekani hairuhusu mtu kutoza ada kwa kuandaa dai la kwanza. Vyama vya wastaafu kama Disabled American Veterans na American Legion husaidia bila malipo, na orodha ya wawakilishi na mawakili walioidhinishwa ipo kwenye tovuti ya VA. Anayekuahidi asilimia 100 na kutaka sehemu ya malipo yako ya kila mwezi, au nywila ya akaunti yako, mwepuke.

Karatasi za kuweka pamoja

- Hati ya kuondoka jeshini, iitwayo DD 214.
- Rekodi za matibabu za jeshini na za hospitali ulizotibiwa baadaye, za huko na za hapa.
- Maelezo ya maandishi ya wenzako na ya jamaa, yaliyotiwa sahihi na tarehe.
- Vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vya wategemezi. Ambao hawana cheti cha kuzaliwa waanze kukishughulikia mapema katika ofisi ya usajili wa raia.
- Daftari la siku mbaya: tarehe, kilichokushinda kufanya, na muda uliochukua.

Serikali ya kaunti haina mamlaka juu ya maamuzi ya VA na haiwezi kuharakisha dai la mtu. Inachoweza kufanya hospitali iliyo karibu nawe ni kukuchunguza na kukupa ripoti iliyoandikwa. Mgongo ukikuuma wiki hii, usimeze dawa na kunyamaza. Nenda uonwe na daktari, mweleze ulivyoanza, na uondoke na karatasi mkononi.